Droni Itakayoamua Yenyewe Juu ya Mtama Wetu

Kuna jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu yeyote, si bibi yangu, si msichana ninayekaa naye dawati moja: hotuba ya droni aliyoisoma Mheshimiwa Mseti kijijini kwetu siku ile ya Ijumaa niliiandika mimi.

Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tatu. Darasani huwa sisemi. Mwalimu akiuliza swali jibu ninalo, lakini hukaa nalo mpaka kengele inalia. Ujasiri wangu wote uko kwenye kalamu. Mwalimu wetu wa Kiswahili alimweleza Mheshimiwa hivyo, naye akaja nyumbani kwa bibi, akanywa chai vikombe vitatu, kisha akanipa ukurasa wa kalenda ya zamani. Nyuma yake alikuwa ameandika hoja sita.

"Nitilie maneno mazito, binti," alisema. "Watu wakielewa mapema wanaacha kusikiliza."

"Shikamoo, Mheshimiwa," nilisema, maana kwa woga nilikuwa nimesahau kumwamkia. "Hiyo droni iko wapi kwa sasa?"

"Marahaba. Iko kwenye mchakato."

Aliniahidi kamusi, ile kubwa yenye jalada gumu. Basi nikaandika kwa siku nne. Hoja ya sita ilisema hivi tu: madungu yabomolewe, nguzo zikusanywe. Sikumwuliza kwa nini. Nilitafuta sababu mwenyewe, nikaipata, na aya ile nikajivunia kuliko zote.

Kwetu, kati ya Natta na Mbalibali, mtama ukianza kutia maziwa kila shamba huwa na dungu, yaani jukwaa la miti ambalo mtu hukaa juu yake kuwinga kwelea, ndege wadogo walao nafaka, kwa kombeo na debe tangu jua linapochomoza hadi linapozama. Ukikosa kuwinga asubuhi moja, umebaki na mabua. Dungu la bibi lina nguzo nne za mti mgumu alizozichimbia babu. Miti kama ile siku hizi huipati. Ukiingia porini na shoka unakutana na askari wa pori la akiba. Na mwaka ule bibi aliwinga peke yake siku za shule, kwa sababu baba na kaka zangu wawili, kama nusu ya wanaume wa kijiji, walikuwa Tarime kwenye rashi ya dhahabu, yaani machimbo yaliyozuka ghafla. Mtama ule ndio tungekula mpaka msimu mwingine.

Yote haya niliyajua. Nilipokuwa naandika sikuyakumbuka hata kidogo. Naiweka hotuba hapa yote, kama ilivyosomwa. Yaliyo ndani ya mabano niliyaandika nikiwa nimekaa chini kando ya meza kuu, nakala yangu magotini.

*

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kijiji, Mheshimiwa Makamu wa Mwenyekiti, ambaye pia ni shemeji yangu, Waheshimiwa wenyeviti wa vitongoji mliofika na mliotuma udhuru, Waheshimiwa wazee wa mila, Waheshimiwa viongozi wa dini zote mbili na nyinginezo, Mheshimiwa fundi wa jenereta, kinamama wa ngoma, kinamama wa pilau, vijana mliobaki, walimu, wanafunzi, wageni wetu kutoka Mugumu, itifaki imezingatiwa, na kama yupo mheshimiwa ambaye sikumtaja asidhani nimemsahau, bali utambuzi wake unaendelea kufanyiwa kazi katika ngazi husika. Wazee wangu, shikamooni.

(Marahaba, hafifu. Ilikuwa saa saba na jua lilikuwa utosini.)

Ninasimama mbele yenu, mimi Sylvester Mseti Heche, Mratibu Mkuu wa Kamati Maalumu ya Ulinzi wa Anga ya Kilimo, kamati ambayo mimi ndiye mwasisi wake, ndiye katibu wake, na, hadi hapo wajumbe watakapopatikana, ndiye akidi yake. Mtu ambaye, kama mnavyofahamu, ninalo duara langu, shimo la dhahabu, kule kwenye rashi, duara lenye dalili nzuri, futi tisini kwenda chini, na ningeweza leo hii kuwa ndani yake nikisikiliza mwamba unavyosema, lakini nikajiuliza, Mseti, dhahabu italiwa na nani iwapo mtama umeliwa na kwelea? Nikapanda juu. Nikaoga. Nikaja.

(Makofi. Mwenyekiti wa Kijiji alianza kupiga kabla ya neno "nikaoga", ikabidi aanze upya.)

Ndugu wananchi, tusifichane. Tuko vitani. Tunaye adui ambaye hana sare, hana mpaka, hana kitambulisho, anayekuja kwa makundi makubwa kutoka upande ambao wataalamu wetu wanaendelea kuubaini, na ambaye hushambulia kwa kushirikiana kuliko hata tunavyoshirikiana sisi kwenye mikutano. Kwa mujibu wa utafiti shirikishi uliofanyika katika kaya saba za kijiji hiki, kaya tisa zilikiri kwamba kwelea ni tatizo, na hiyo ni sawa na asilimia mia moja ishirini na nane nukta tano, kiwango ambacho hakijawahi kufikiwa na utafiti wowote katika ukanda wetu.

(Mwalimu wa hesabu aliinua uso, akauinamisha tena. Namba zile alinipa Mheshimiwa mwenyewe. Nilimwambia kaya haziwezi kuzidi kaya. Akasema, "Zitafikiwa.")

Na wakati adui anaongezeka, askari wetu wanapungua. Vijana wako kwenye rashi. Siwalaumu, mimi pia ni kijana. Lakini matokeo yake ni nini? Matokeo yake ulinzi wa anga yetu umebaki mikononi mwa bibi zetu, kwa silaha za kombeo, debe na utepe wa kaseti uliofungwa kutoka mti hadi mti, silaha ambazo ninaziheshimu kihistoria, lakini zote ni za masafa mafupi. Bibi anampiga kwelea ambaye ameshafika. Kamati yangu inasema hapana. Kamati yangu inaleta mapambano ya angani ya masafa marefu, ambapo adui hupigwa kabla hajakuona, kabla hujamwona, na ikibidi, kabla hajaamua kuja.

(Makofi makubwa. Mzee Ryoba, ambaye alihamia kwetu kutoka Tarime na husema anachotaka, na kila mwanaume humwita mura, yaani kijana, aliuliza kwa sauti ya kawaida tu: "Sasa kama hajaamua kuja, mura, unampigia nini?" Watu walicheka. Mheshimiwa alifunua ukurasa.)

Swali zuri sana la mzee wangu nimelipokea, na litajibiwa kwa maandishi. Niendelee. Chombo chenyewe ni droni. Naomba kisifananishwe na vidroni vya kupigia picha mnavyoviona mjini. Hii ni droni ya kizazi cha sita, na kizazi cha saba kimeshaingizwa kwenye mpango mkakati. Inaona kilomita themanini mchana na kilomita themanini na moja ikivaa miwani. Lakini utamu wake hauko kwenye macho, ndugu zangu, utamu wake uko kwenye kichwa, kwa sababu droni hii haisubiri mtu aiambie la kufanya. Inajiamulia yenyewe. Wenzetu wanaita otonomasi disishen meking. Inamwona adui, inamtambua adui, inachagua adui yupi aanze na yupi afuate, inafyatua, inarudi, inaandika ripoti, inajipongeza.

(Kicheko na makofi. "Inajipongeza" nililiandika kama mzaha, nikiamini atalikata. Alilisoma kwa hisia kuliko maneno yote.)

Kwa nini ijiamulie? Nitawaambia. Mwanadamu akiwa dunguni hupiga miayo. Hukumbuka ugomvi wa juzi. Hushuka kujisaidia. Katika dakika mbili hizo, kwelea elfu arobaini wanakuwa wamefungua kikao, wamemaliza ajenda zote na mengineyo, na wamefunga kikao kwa sala. Droni haishuki kujisaidia. Mwanadamu huchelewa kuamua; mimi mwenyewe kamati yangu ilichukua miezi mitatu kuamua rangi ya fulana, na nakumbusha kwamba kamati hiyo ni mimi. Droni huamua katika sekunde sifuri nukta tatu. Maana yake ni kwamba, ukipiga chafya moja, yenyewe imeshaamua mambo mawili na la tatu liko mezani.

(Bibi yangu, Kezia, alikuwa mstari wa mbele kwenye mkeka, mkono shavuni. Aliitikia kwa kichwa kila Mheshimiwa alipovuta pumzi. Bibi hajui kusoma, lakini hotuba anazipenda kama wengine wanavyopenda ngoma.)

Wapo wenye wasiwasi, na uongozi bora ni kuusikia wasiwasi. Wanasema, Mheshimiwa, chombo kitajuaje nani adui na nani raia? Nawatoa hofu. Akili mnemba ya chombo hiki imesomeshwa. Imeoneshwa picha za kwelea akiwa mbele, akiwa ubavu, akiwa amekasirika. Imeoneshwa mnana, ikaambiwa, huyu ni jirani, ana kelele lakini mwache. Imeoneshwa kanga, ikaambiwa, huyu ana serikali yake. Imeoneshwa puto la watalii linalopaa asubuhi kule mbugani, ikaambiwa, hili ni kubwa, ni la mviringo, limejaa wageni, usilipige, wapungie.

(Mzee Ryoba: "Na kuku?")

Kuku wako salama, mzee wangu.

("Kuku wangu wanaruka. Yule jogoo mwekundu anapanda mpaka juu ya paa. Hicho kitu kikimkuta yuko hewani kitasema nini?")

Kitafanya tathmini.

("Kwa hiyo asiruke.")

Kwa kipindi hiki cha mpito, mzee, jogoo ashauriwe atembee.

(Kicheko kirefu. Alisimama mama Zuleha, mwenye mashine ya kusaga, ambaye wazazi wake walikuja kutoka Tanga zamani wakafanya biashara Mugumu. Yeye hapigi kelele. Alisema: "Samahani, Mheshimiwa, mimi nauliza kitu kidogo tu. Mtu akikosea, namwita mbele ya mwenyekiti. Hicho chombo kikiamua chenyewe, na kikaamua vibaya, kikapiga mbuzi au mtoto, namwita nani?" Watu waliacha kucheka.)

Nashukuru sana, mama. Hilo ni swali la kimataifa. Msimamo wa kamati ni kwamba, kwa kuwa uamuzi utakuwa wa chombo, lawama pia itakuwa ya chombo. Na itaundwa kamati ndogo itakayokiita chombo, itakisomea tuhuma zake, na kama kitanyamaza, ukimya wake utachukuliwa kuwa ni masikitiko.

(Makofi machache upande wa meza kuu. Mama Zuleha alikaa. Nilimsikia akimwambia jirani yake, "Kwa hiyo hakuna." Swali lile halikuwa kwenye hotuba yangu, na jibu pia halikuwa. Lakini jibu lile lilifanana sana na maneno yangu, mpaka nikaona aibu.)

Utekelezaji, ndugu wananchi, utakuwa wa awamu. Awamu ya kwanza ni uelewa. Awamu ya pili ni uelewa wa kina. Awamu ya tatu ni ziara ya mafunzo nje ya nchi, ambayo nimejitolea kuibeba peke yangu ili kupunguza usumbufu. Awamu ya nne ni tathmini ya mafanikio. Awamu ya tano ni droni. Mkiangalia mpangilio huo mtaona kwamba mafanikio yatatathminiwa mapema kabisa, kabla hayajaharibiwa na utekelezaji.

(Makofi.)

Na ili msiseme Mseti anaongea tu, leo nimekuja na sampuli.

(Alivuta kanga iliyokuwa juu ya meza. Chini yake kulikuwa na droni nyeupe, ndogo kama sinia, yenye mabawa manne ya kuzunguka. Ilipiga mlio, ikapaa. Watoto walipiga kelele. Ilizunguka juu ya mkutano mara mbili, kisha ikaenda moja kwa moja kwenye masufuria ya pilau na kuwazunguka kinamama polepole, kwanza nyuso, kisha mikono, kisha sahani.)

Mnaona wenyewe. Hakuna aliyeituma. Imeamua yenyewe kukagua usalama wa chakula.

(Mimi nilikuwa chini, nikaona chini ya gari lililoegeshwa nyuma ya meza kuu. Upande wa pili alikuwa amechuchumaa Sadick, mpiga picha wa Mugumu, na vidole vyake vilikuwa vinacheza kwenye vitufe vya rimoti. Wakati huohuo kundi dogo la kwelea lilipita juu ya mkutano kuelekea mashambani. Droni iliendelea kupiga picha sahani. Kisha ilitua, taa yake nyekundu ikiwakawaka.)

Kundi lile mmeliona. Chombo pia kililiona. Kimeliacha lipite kimkakati, ili kijue linakoishi.

(Mzee Ryoba: "Linaishi kwenye mtama wangu, mura. Nenda ukalione.")

Nafika sasa kwenye jambo nyeti, na naomba kinamama wanisikilize kwa masikio yote. Droni ya aina hii, inapotazama kutoka umbali wa kilomita themanini, huliona dungu kama nini? Huona jukwaa lililoinuka kutoka ardhini. Juu ya jukwaa huona kiumbe. Kiumbe huyo anarusha vitu angani. Ndugu zangu, katika lugha ya anga hicho si kilimo, hicho ni kituo cha kutungulia. Chombo kitapima, chombo kitaamua, na kikishaamua hakiulizi tena, maana kingekuwa kinauliza kisingekuwa kinajiamulia. Je, nikubali mimi, Mseti, mtoto wenu, mama yangu mzazi apigwe akiwa juu ya dungu lake kwa sababu tu hakuna aliyemwambia ashuke? Sikubali. Kwa hiyo, kwa upendo mkubwa, naelekeza kwamba madungu yote ya kijiji hiki yawe yamebomolewa ifikapo kesho saa tatu asubuhi, na nguzo zote zilizonyooka, narudia, zilizonyooka, ziwekwe kando ya barabara, ambapo gari la mradi litazichukua na kuzihifadhi kitaalamu.

(Makofi, ya kwanza machache, halafu mengi. Bibi alipiga makofi pia. Alimgeukia mama aliyekaa naye na kusema, "Hapo amesema kweli. Mimi na miguu hii, ikinijia nitashukaje?" Aya hii ndiyo niliyojivunia.)

Tusikate nguzo, tusizipasue kuni, tusizikwangue gome. Tuzing'oe kwa heshima. Na kwa namna hiyo, ndugu wananchi, kijiji hiki kitaingia kwenye historia kuwa kijiji cha kwanza ambacho kilimo chake kinalindwa na maamuzi yasiyo na mtu. Naomba sasa tusimame. Nikisema Anga, mseme Salama. Anga.

(Salama.)

Kwelea.

(Kwisha.)

Maamuzi.

(Yenyewe.)

Sikusikia upande wa pilau. Maamuzi.

(Yenyewe. Upande wa pilau walikuwa wameanza kupakua. Neno hilo "pilau" kwenye kipaza sauti lilitosha. Watu waliinuka wote kwa pamoja. Fundi alizima jenereta ili kuokoa petroli, na kipaza sauti kikafa. Mheshimiwa alitoa mfukoni kikaratasi ambacho mimi sikukiandika, kilikuwa kwa mwandiko wake, akaendelea kusoma kwa sauti ya chini, kama mtu anayetimiza wajibu. Nilikuwa hatua mbili kutoka viatu vyake. Nimeandika kila neno.)

Mwisho kabisa ni shukrani. Namshukuru kijana wetu Sadick kwa kutuazima droni yake ya kupigia picha harusi, na namwomba radhi kwa kumchelewesha, kwani saa kumi anatakiwa Mugumu na bibi harusi ameshapambwa. Nawashukuru wafadhili wa mradi wetu, ambao mara tu tutakapowapata tutawatangaza. Namshukuru kwa namna ya pekee mtaalamu atakayeibuni droni yenyewe, popote alipo, na kama bado yuko shule ya msingi namtakia masomo mema. Namshukuru dereva wa fuso, ambaye kesho atazisomba nguzo moja kwa moja mpaka Tarime, kwa sababu duara langu linamwaga udongo kuanzia futi ya sitini, mafundi wamekataa kushuka bila matimba ya kushikilia kuta, na miti migumu iliyonyooka, kama mnavyojua, siku hizi haipatikani. Nawashukuru ninyi kwa kujitolea. Mungu awabariki, awabariki na watoto wenu. Nawatakia chakula chema.

(Hakuna aliyepiga makofi, kwa kuwa hakuna aliyekuwepo.)

*

Nilimfuata bibi kwenye foleni ya chakula. Nilimshika kitenge.

"Bibi, yale madungu..."

"Kula kwanza," alisema. "Tukitoka hapa tunapitia kwa jirani kuazima sururu. Zile nguzo babu yako alizishindilia na mawe."

Nilifungua mdomo. Mbele yetu walikuwa watu ishirini, nyuma thelathini, na wote wangenigeukia. Nikaufunga. Pilau sikula. Nilipita njia ya mkato kwenda nyumbani, nikatoa daftari la Jiografia, nikachomoa karatasi mbili za katikati, nikakaa kwenye kizingiti, nikaandika kwa herufi kubwa:

"WARAKA WA NYONGEZA NAMBA MOJA. Kwa kurejea hotuba ya Mratibu Mkuu, na baada ya chombo kujitafakari chenyewe, wananchi wote wanaarifiwa kwamba madungu yaliyopo yametambuliwa rasmi kuwa Vituo vya Mpito vya Maamuzi ya Anga. Hivyo basi ni marufuku kwa mtu, kamati au gari lolote kung'oa, kusogeza, kuazima au kuhifadhi kitaalamu nguzo yoyote ya kituo, mpaka droni itakapofika kijijini, ikaonekana na watu wote, na ikawinga kwelea kwa siku saba mfululizo bila kupumzika. Katika kipindi hicho Maafisa wa Vituo, yaani wale wale waliokuwa wakiwinga, wataendelea na kazi kwa kutumia kombeo. Mhuri upo katika mchakato."

Karatasi ya pili niliandika hivyo hivyo. Nilichukua uji uliokuwa umebaki sufuriani asubuhi, nikaenda nao kwenye mashine ya kusaga, kwa sababu jioni kila nyumba hutuma mtu pale. Nilikuwa napaka uji mlangoni mama Zuleha alipotokea nyuma yangu, bado ana kijiti cha meno mdomoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nani kakutuma?"

"Kamati."

Alisoma yote, kidole kikifuata mistari. Alirudia neno "kujitafakari".

"Mhuri uko wapi?"

"Umeandikwa hapo chini, mama."

Alisoma chini. Akanitazama, akatazama sahani ya uji, akanitazama tena.

"Basi ni wao," alisema, akachukua karatasi ya pili mkononi mwangu. "Hii nitaibandika mwenyewe kisimani. Wewe nenda nyumbani, bibi yako ameshapita hapa na sururu."

Nilikimbia. Bibi alikuwa ameshachimba kuzunguka nguzo moja, kina cha nusu futi. Nilimwambia kuna waraka kwa mama Zuleha. Aliweka sururu begani, akaenda akasomewa, akaomba asomewe tena, akarudi, akarudisha mawe yote kwenye shimo na kuyashindilia.

Jumamosi saa tatu fuso lilikuja. Kando ya barabara kulikuwa na nguzo mbili tu, za mtu ambaye hakuwa na kitu cha kusaga. Mzee Ryoba alizibeba mojamoja kuzirudisha, kisha akampeleka dereva mlangoni kwa mama Zuleha na kumwonesha. "Soma hapo, mura. Hapa, palipoandikwa gari lolote." Dereva alisoma. Alimpigia simu Mheshimiwa mara nne, lakini Mheshimiwa alikuwa ameshuka mwenyewe duarani, mafundi walikokataa, futi tisini chini, ambako mtandao hauingii. Alipakia mbuzi wa mtu waliokuwa wanakwenda mnadani, akaondoka.

Haya yote niliyaona kutoka juu, kwa sababu tangu alfajiri nilikuwa dunguni na bibi. Kamusi sijaipata.

"Aliyeandika ile karatasi ndiye aliyeandika hotuba," bibi alisema. Alikuwa anafunga upya utepe wa kaseti, hakunitazama. "Maneno yake yanatembea kwa miguu ile ile."

"Labda, bibi."

"Ukimwona mwambie ya pili ni nzuri. Ni fupi."

Upande wa Natta kundi liliinuka, kubwa, likigeuka pamoja, likija moja kwa moja kwetu. Bibi alishika debe. Mimi nilichukua jiwe kwenye kapu, nikaliweka kwenye kombeo, nikasimama.